Tathmini ya bahari ianzie huku kwetu mlimani

Mhariri naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi ni mama muuza samaki hapa Moshi, naleta kamba na samaki wa maji chumvi kutoka Pangani na Tanga, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Najua kuna watu watasema mama wa Moshi bahari inamhusu nini, mambo ya mikoko waachiwe watu wa pwani. Yanatuhusu sana tu, na ndo maana nimeandika.

Juzi kati nilikuwa kwa kaka yangu huku tambarare analima mpunga, kukaitishwa mkutano wa wananchi, kuna mradi wa kilimo unakuja na wataalam wanakusanya maoni kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira. Daftari la mahudhurio likazunguka, tukapewa soda, tukaelezwa vumbi litamwagiwa maji, vijana watapata ajira, na mradi utavuta maji mtoni kwa pampu. Nikanyoosha mkono nikauliza, haya maji mtakayovuta, watu wa Pangani mmewauliza? Kijana wa watu akaangalia makaratasi yake akanijibu kwa adabu kabisa, "mama, eneo la mradi linaishia pale mtoni." Watu wakacheka, mkutano ukaendelea na maswali ya fidia. Mi lile jibu limenikaa kichwani mpaka leo.

Kwa sababu mto wenyewe hauishii pale. Kikuletwa inakusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro upande huu, Ruvu inakuja na maji ya upande ule mwingine wa mlima na ya Ziwa Jipe, zinakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, zikitoka hapo ndo unaitwa mto Pangani, unaenda unapokea Mkomazi unaotoka upande wa milima ya Pare na Usambara, unapita mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, halafu ndo baharini. Yaani mtu aliyefungulia mfereji Usa River na mtu anayechota ndoo kule Pangani ni maji ya mto mmoja.

Sasa nisimulie nilichokiona kwa macho yangu. Kuna bibi ananiuzia kamba, anakaa ng'ambo ya mto, unavuka na pantoni. Siku moja nimefika mapema, barafu ya kwenye deli bado haijaanza kuyeyuka, akanikaribisha chai. Nikapiga funda moja nikasita, chai ina chumvi. Nikadhani amekosea kopo la sukari. Akaniambia hapana mwanangu, ni bamvua hii, siku za maji makubwa, bahari ikijaa inapanda mtoni mpaka kisimani, zamani ilikuwa haifiki huku. Akanishika mkono tukaenda ukingoni akanionyesha minazi ya marehemu mume wake, vigogo vimesimama havina hata kuti moja, nikahesabu kumi na moja. Aliniambia kila mti uliwahi kumlipia ada mtoto fulani na akawa anawataja wanawe kwa majina mti kwa mti.

Wavuvi wa pale hawahitaji semina kukueleza hii kitu. Mto ukiwa na nguvu unaisukuma bahari nje, mto ukichoka, hasa kiangazi wakati kila mtu huku juu anamwagilia, bahari inapanda. Na kamba wanaanguliwa baharini lakini wakiwa wadogo wanaingia kukulia kwenye mikoko, pale maji baridi na maji chumvi yanapochanganyika, wakikomaa wanarudi baharini. Ukivuruga ule mchanganyiko na ukakata miti ya mikoko kama mikandaa na michu kwa ajili ya boriti na mkaa, umevunja nyumba ya kulelea. Mchanga nao ni hivyo hivyo, ule uliotakiwa kushuka na mto ukajenge ufukwe unanasa kwenye mabwawa, bahari inaendelea kula ukingo na hakuna cha kufidia.

Sheria tunayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza, kabla hata haujapewa fedha, na inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Sheria ya maji ya 2009 nayo inasema kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha ya mazingira, halafu ndo shughuli zingine. Tatizo mi ninavyoliona ni mpaka unaochorwa kwenye karatasi. Kila mradi unapimwa peke yake, pampu hii ndogo inapita, ile nayo ndogo inapita, kisima cha shamba la maua kinapita, kila kimoja kweli ni kidogo, lakini yule bibi hanywi kimoja kimoja, anakunywa jumla yake. Na pwani wenyewe mambo yanakuja kwa kasi, barabara ya Tanga kwenda Bagamoyo na daraja la Pangani, bomba la mafuta la kutoka Uganda linaloishia Chongoleani, hoteli lazima zitafuata, na hapo hapo kaskazini ya mlango wa mto kuna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki adimu wa kale, iliyoanzishwa 2009. Kila kimoja na ripoti yake, ila mi sijaona mahali ripoti zote zinawekwa meza moja zikajumlishwa na zile za huku kwetu, wakati sheria hiyo hiyo ya 2004 ina tathmini ya kimkakati, ya kupima mipango mizima na siyo mradi mmoja mmoja, ambayo ingefanya kazi hiyo.

Sipingi mradi, kaka yangu anahitaji maji na wali wa huku nakula na nauza. Ninachoomba ni kitu kimoja, mradi wowote wa Arusha na Kilimanjaro unaochota au kumwaga kwenye mto huu, mkutano wa maoni ufanyike na kule chini pia, mlangoni mwa bahari, na kwenye ripoti kuwe na ukurasa unaosema kiangazi kitabaki kiasi gani cha kuisukuma bahari.

Na wewe mhariri nakuomba mtume mwandishi mmoja ashuke na huu mto kuanzia huku mpaka Pangani, aende siku za bamvua. Nitampa maelekezo ya kufika kwa bibi. Aombe chai.

Mama muuza samaki,
Moshi