Kamera ya Akeley ilianzia kwetu, mbona hatuisemi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila makala ya historia ya sinema ninayosoma inaanzia Hollywood na kuishia hukohuko, na mimi inaniuma kwa sababu kuna kamera moja ya zamani ambayo wazo lake lilitokea huku kwetu na wengi hawaijui kabisa.

Naongelea Akeley. Carl Akeley alikuwa Mmarekani, fundi wa kutengeneza wale wanyama wa maonyesho wa makumbusho, na kwenye safari yake iliyoanza 1909 alijaribu kurekodi Wanandi wa Kenya wakiwinda simba kwa mikuki, akashindwa. Simba hasubiri mtu! Kamera za siku hizo zilikuwa maboksi, mkono mmoja unazungusha hendo ya filamu, ukitaka kugeuza kamera pembeni au kuinua kuna hendo zingine za kuzungusha, mpaka uje kulenga mnyama keshaanguka.

Akarudi kwao akaunda yake, hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) akaipata 1915. Ni ya duara, wapiga picha wakaipachika jina la pankeki. Unaiongoza kwa mkono mmoja tu inamfuata mnyama taratibu bila kurukaruka, halafu tundu la kuchungulia linabaki palepale jichoni kwako hata lenzi ikiangalia juu, na shata yake, kile kifuniko kinachofungua na kufunga mbele ya filamu, inaingiza mwanga mwingi kuliko za wenzake, kitu muhimu sana ukiwa msituni.

Na ilivumilia hali yoyote. 1920 mtengeneza filamu Robert Flaherty alipokwenda kaskazini mwa Kanada alibeba Akeley mbili maana hazikuhitaji oili nyingi, oili kwenye baridi ile inaganda, zenyewe zililainishwa kwa grafaiti, unga uleule wa penseli. 1921 Akeley mwenyewe akaipandisha milima ya Virunga, mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, mvua na ukungu kila siku, akarekodi gorila porini. Alifia hukohuko 1926, kaburi lake liko mlima Mikeno.

Sasa ombi langu mhariri. Jina la mzungu liko kwenye kamera, lakini wale wawindaji wa Kinandi mimi sijawahi kuona mtu kawaandika kwa majina. Tumeni mwandishi Nandi aongee na wazee, pengine kuna anayekumbuka babu yake akisimulia siku waliyowinda simba huku mzungu anahangaika na boksi lake.

Msomaji wenu, mpenzi wa kamera za zamani