YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUHARIBIWA KWA JIWE LANGU LA KISUKUKU KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja,

Kanuni zenu za ukaguzi wa mizigo mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitazirudia. Ninaloandikia ni tendo la Jumatatu asubuhi kwenye kaunta yenu ya Dar es Salaam, ambapo mfanyakazi wenu alitoa jiwe katika katoni yangu, akachomoa kisu cha kukatia maboksi na kulikwangua mbele ya wateja wengine, ati aone kama ni madini.

Jiwe lile linaitwa Petoskey. Ni tumbawe la bahari ya kale lililogeuka jiwe zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, na tangu 1965 ndilo jiwe rasmi la jimbo la Michigan, Marekani. Mawe yale niliyaokota mwenyewe kwenye ufukwe wa Ziwa Michigan nilipokwenda kumtembelea binti yangu, nikichunga nisivuke ratili 25 kwa mwaka ambazo jimbo linamruhusu mtu kuchukua katika ardhi yake. Likiwa kavu huwezi kulitofautisha na jiwe lolote la chokaa. Likilowa ndipo vyumba vyake vya pembe sita vinapojitokeza, kila kimoja na jicho jeusi katikati, na ndiyo sababu nilishinda majini hadi magotini. Kisha nikayasugua kwa mkono jikoni kwa binti yangu, kwa maji na msasa namba 220, halafu 400, halafu 600, kila hatua nikilikausha jiwe kutafuta mikwaruzo iliyobaki, na kumalizia kwa unga wa kung'arishia na kipande cha mahameli. Lile alilolikwangua lilinichukua jioni tatu. Nilikuwa nawapelekea wanafunzi wa shule niliyofundisha Tanga, watoto waliokulia katika nyumba za mawe ya matumbawe, walione tumbawe lililozeeka kuliko yote waliyowahi kuyashika.

Narudia, isije ikasemwa sikueleweka. Nilimwambia, "Kijana, tafadhali, hilo ni laini, nimelisugua kwa mikono yangu." Akanitazama usoni, akakandamiza kisu mara ya pili kutoka ukingo hadi ukingo, unga mweupe ukamwagikia risiti yangu, akalitupa katonini na kusema, "Mzee, kokoto zimejaa Kunduchi." Watu wakacheka. Msimamizi wake alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na hakuinua macho kwenye simu yake. Nimefundisha jiografia miaka 34 na sijapata kudhalilishwa namna ile.

Na hapo sijagusia kwamba mzigo huo mlikwisha kuushikilia siku 19, nikipiga simu kila wiki, ilhali karatasi iliyobandikwa juu yake ilieleza wazi kilichomo. Aliyetaka kukagua angesoma, au angelilowesha kwa maji.

Nilipoketi kuandika nilikusudia kudai nauli ya mzigo na barua ya kuomba radhi. Sasa nadai pia fidia ya jiwe, na barua hiyo isainiwe na msimamizi pamoja na kijana wake, kila mmoja kwa jina lake. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani na kisha mahakamani, wala sitakubali kuitwa ofisini kwa mazungumzo. Jiwe ninalo. Risiti nayo nimeitia kwenye bahasha bila kuikung'uta.

Wenu,
Mteja, mwalimu mstaafu
Tanga