Mto Unaotazama Kwetu

Vadodara, Gujarat

Mwanaidi mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai hapo Kilwa nyote hamjambo na babu macho yamepata nafuu. Mimi mzima, mitihani nimemaliza.

Jumapili nilipanda treni kwenda Ankleshwar, kupitia Bharuch, karibu na mlango wa mto Narmada. Tulipofika darajani, bibi mmoja mbele yangu alifungua kifundo cha sari, akatoa sarafu, akaigusisha kwenye paji la uso, akaitupa mtoni kupitia nondo za dirisha. "Narmade Har!" akasema, na wenzake wakaitikia. Kwao mto huu ni mama. Wako wanaouzunguka kwa miguu, wakipanda na ukingo huu hadi kwenye chemchemi na kushuka na ule wa pili, zaidi ya kilomita 2,600.

Mito ya Godavari, Krishna na Kaveri yote humwaga maji mashariki. Narmada umeshika njia ya magharibi. Unaanzia Amarkantak, katikati ya India, unateremka kilomita 1,312 kati ya milima ya Vindhya na Satpura, unaingia Ghuba ya Khambhat: bahari yetu ileile, shoga! Kaskazi ikivuma, majahazi ya huku yalikuja kwetu.

Ng'ambo ya mto, vilima vya Ratanpur vina akiki, yale mawe ya pete. Huchomwa motoni hadi iwe nyekundu, kisha mafundi wa mji wa Khambhat huichonga shanga. Shanga za akiki zimefukuliwa hapo hapo Kilwa Kisiwani. Na Ratanpur wanaishi Masidi, watu wenye asili ya Afrika. Bava Gor, walii wao, husimuliwa kuwa ndiye aliyeikuza biashara ya akiki. Ngoma yao wanaiita goma. Niliposikia neno hilo mwili ulinisisimka.

Kuna jambo linaniuma. Bwawa la Sardar Sarovar kwenye mto huu, lililowekewa jiwe la msingi 1961 na kuzinduliwa 2017, linapeleka maji hadi Kutch na Rajasthan kwenye ukame, na hiyo ni neema kubwa. Lakini maelfu ya familia vijiji vyao vilizama, na huku Bharuch, mto ukipungukiwa maji, maji ya chumvi yanapanda mtoni, wavuvi wanalia. Naona hawakutendewa haki.

Muulize babu pete yake ya akiki aliirithi kwa nani. Nimemnunulia jiwe lingine, nitakuja nalo likizo.

Wako,
Rukia