Shoga, naitaka milima yenu

Asalaam alaykum mwenzangu, vipi hali, vipi Baba Salma na watoto, bibi mguu ushapoa? Huku sote wazima alhamdulillahi, Mwanakhamis kajifungua mtoto wa kiume, nadhani Zuhura keshakwambia. Kimya changu ni mitihani ya skuli tu, usinifikirie vyengine.

Sasa nisikilize. Nimeshajiandikisha Kilimanjaro Marathon, zile mbio za Moshi, ile ndefu ya kilomita 42, na hapa Jambiani unapajua, ukitoka Paje mpaka Makunduchi barabara imelala tu. Kupanda sina wasiwasi sana. Maji yakipwa nakimbia kwenye mchanga ule laini mpaka vifundo vinawaka moto, nikienda mjini kwa dada napanda ngazi za Michenzani kutoka chini mpaka ghorofa ya juu, nashuka napanda tena, watoto wa pale washanizoea wengine wananifuata. Masingini pia nakwenda, lakini ndo juu kabisa ya Unguja nzima pale na ni mita mia na kidogo, wakati Moshi mjini penyewe pako zaidi ya 800.

Kinachoninyima usingizi ni kushuka. Kule unaanza Chuo cha Ushirika, unakwenda upande wa barabara ya Dar, unarudi mjini, hapo bado mzima, halafu ndo unapandishwa Mweka, kijiji cha juu mlimani, na ukishageuza huko juu kilomita kama kumi za mwisho ni mteremko. Watu wakisikia mteremko wanafurahi! Muulize Haji, alipanda vizuri kabisa, kugeuza tu mapaja yakagoma, kesho yake ngazi za gesti kazishuka kinyumenyume.

Maana ukishuka mbio kila hatua paja la mbele linafunga breki, msuli unavutwa huku umejikaza, ndo unapochanika vidogo vidogo. Na dawa yake ni huohuo mteremko, ushuke mapema, uumie kidogo, ukishapona msuli unakuwa sugu kwa wiki kadhaa. Sasa mimi nishuke wapi? Ngazi hazikupi ule mwendo, unadonoa hatua fupi fupi. Mashine ya kukimbilia ya hoteli moja hapa nimeijaribu, inapandisha, haishushi.

Ndo nikakukumbuka. Nyinyi Pemba mmejaaliwa, hata ukitumwa chumvi dukani unapanda na kushuka. Ule mlima wa kutoka bandarini Wete mpaka mjini, tulipokuja harusini na yale mabegi nilinung'unika njia nzima, sasa hivi nauota usiku. Na njia ya zamani ya Chake, panda shuka panda shuka, ndo hasa ninayoitaka. Naomba nije wiki moja, kama wiki nne kabla ya mbio, ili maumivu yaishe faida ibaki. Usiniandalie kama mgeni, jioni napika mimi, na chumba cha watoto kinanitosha.

Mama anasema nitavunja magoti na kwamba mwanamke wa umri wangu angekuwa sasa hivi... basi tuyaache hayo, unamjua. Mimi mbio hizi nazitaka kwa moyo wangu wote, na nataka nimalize nikikimbia, sio nikiburura miguu kutoka Mweka.

Baba Salma ataridhia kweli? Muulize vizuri, asikubali kwa kuona haya. Alfajiri baada ya sala kuna watu njiani au bado kiza, na gari za Chake zinaanza kupita saa ngapi? Karafuu bado zinaanikwa kando ya barabara, maana sitaki kukanyaga mali ya watu? Yule mdogo wako mwenye baskeli anaweza kunifuata na maji? Nikivaa trakisuti na mtandio mrefu inatosha kwa huko kwenu au nivae na dera juu? Na nikishuka Mkoani gari za Wete moja kwa moja zipo au mpaka nibadilishe Chake?

Nijibu leo leo shoga, tiketi ya boti nataka niikate Ijumaa.

Wako,
Mwana