Habari za maktaba hutufikia shughuli zikiwa zimepita

Kwa Mhariri,

Nina saiba ndogo, yaani duka la kompyuta na kuchapa, karibu na steji ya matatu hapa Nakuru, na kwa kazi hii ni vigumu shughuli ya mtaa kunipita. Krusedi ikikaribia, bango lake huchapwa kwangu. Vivyo hivyo mechi za vijana, harambee za karo, nyumba za kukodisha, hata mbuzi akipotea. Programu za mazishi ndizo zinazonilipia kodi, Mungu anisamehe. Lakini tangu nifungue biashara hii sijawahi kuchapa tangazo hata moja la maktaba ya jamii ambayo ni mwendo wa dakika chache kutoka hapa, wala la ukumbi wa sanaa uliomo ndani yake.

Si kwamba hawana la kutangaza. Wana siku za kusomea watoto hadithi, wana maonyesho ya picha, wana vijana wanaokutana kughani mashairi, na kila baada ya muda hupokea maboksi ya vitabu. Tatizo ni kwamba sisi majirani huyasikia haya mambo viti vikiwa vimeshapangwa ukutani na wageni wamekwenda zao.

Nitatoa mfano mmoja. Juzi mkutubi alikuja kutoa nakala ya kitambulisho chake akakisahau ndani ya mashine, jambo ambalo wateja hulifanya kila wiki. Nikamfuata nacho maktabani. Huko nikakuta ukuta mzima umetundikwa picha za kijana ambaye namfahamu kwa sura, maana riziki yake ni kupaka matatu michoro. Nilidhani nitaona ndege heroe wa rangi ya waridi, wale wanaochorwa kila kukicha kwa ajili ya watalii. Hapakuwa na heroe hata mmoja. Kijana alikuwa amechora ziwa lilivyopanda: nyumba za upande wa Mwariki maji yamefika dirishani, nguzo za ua wa mbuga zimebaki vichwa tu juu ya maji, na mama mmoja amejitwika godoro huku mtoto amemshika pindo la leso. Alitumia rangi ileile ya magari, tena juu ya vipande vya bati, kwa hiyo maji yanang'aa kama ubavu wa matatu mpya iliyotoka karakana. Ukisogea karibu unaona bati halikulainishwa. Kutu imeachwa makusudi pale kwenye kuta za nyumba.

Nilisimama pale hadi mkutubi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa hebu fikiria, Mhariri. Ziwa Nakuru lilianza kufurika zaidi ya miaka kumi iliyopita. Maji ya magadi yakazidiwa na maji baridi, chakula cha heroe kikapungua, wengi wao wakahamia Bogoria, na watu nao wakahama kwa njia yao. Hiyo ni historia yetu, na kuna mtu wa hapa hapa ameichora vizuri kuliko nilivyowahi kuisoma popote. Nikafungua kitabu cha wageni. Majina mengi yalikuwa ya wachoraji wenzake, na mengine ya wafanyakazi wa maktaba yenyewe. Mtu wa Mwariki sikumwona. Chini ya kila picha bei iliandikwa kwa penseli, na mbili tu ndizo zilizokuwa na kibandiko chekundu cha kuonyesha kwamba zimepata mnunuzi. Siku iliyofuata zote zilikuwa zinateremshwa.

Nilipouliza walivyotangaza, nilionyeshwa mlango. Palikuwa na karatasi moja ya A4, imeandikwa kwa Kiingereza, wino umefifia kwa sababu printa yao inalia katriji, imebandikwa kwa selotepu juu ya tangazo lingine la kuzima simu. Ili uisome ni lazima uwe umeshafika mlangoni, na ukishafika mlangoni, tangazo la nini tena? Nikaambiwa pia kwamba lilitumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kundi la kina nani? La wanachama. Yaani waliojua ndio walioambiwa.

Ninawasema lakini si kwa chuki. Mkutubi huyo ni mtu mwungwana, na najua anafanya kazi ya watu watatu. Aliponijibu alisema neno ambalo sikulitarajia: "Kaka, tukiwaita wote watakaa wapi?" Ukumbi ni mdogo, ni kweli. Lakini nyuma ya jengo kuna uwanja wenye mti mkubwa wa jakaranda, na viti vya plastiki mtaani hukodishwa kila Jumamosi kwa ajili ya matanga. Mimi naona hofu ya watu kujaa si sababu ya kuwaficha habari. Na waje kwanza wakose nafasi, ndipo tutakuwa na hoja ya kumpelekea mwakilishi wadi.

Lawama nyingine, Mhariri, ziko upande wenu, nanyi mnivumilie. Habari ya maktaba ikibahatika kuingia gazetini, aya ya kwanza ni ya mgeni wa heshima. Ya pili ni ahadi aliyoitoa. Ya tatu ni ahadi ya mgeni wa pili, ambaye hakutaka kushindwa. Picha inaonyesha mkasi, utepe na suti. Nikimaliza kusoma sijui ni vitabu gani vilivyoletwa, kama ni vya kiada au vya hadithi, kama mtoto anaruhusiwa kwenda navyo nyumbani, wala milango inafunguliwa saa ngapi. Kuhusu picha za ukutani huwa hamna hata sentensi, ilhali mgeni mwenyewe alipigwa picha akiwa amezipa mgongo. Tena habari yote iko katika wakati uliopita. Kwa mpira hamfanyi hivyo. Mechi ya Jumapili hutangazwa tangu Alhamisi, pamoja na uwanja na saa.

Ombi langu ni dogo. Tupeni kona moja kwa wiki, ya ukubwa wa kiganja, ya yale yanayokuja katika maktaba na kumbi za sanaa za huku kwetu: Nakuru, Kisumu, Kakamega, Eldoret na vitongoji vyake. Jina la shughuli, siku, saa, ilipo, na kama ni bure. Basi. Hotuba zinaweza kungoja.

Kuna atakayesema kwamba mambo haya ni ya wachache. Mimi sikubali. Mwezi jana mama mmoja alikuja kuchapisha picha za mradi wa binti yake, ambaye chini ya huu mtaala wa umilisi amechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Alikuwa akilalamika kwamba mtoto anatakiwa aandike kuhusu kazi ya msanii wa karibu na hajui ampate wapi. Nikamwambia, "Mama, mbona usimpeleke pale maktabani? Huwa kuna picha ukutani." Akanitazama kama ninayemtania. "Kule si kwa kusomea mtihani wa KCSE?" akaniuliza. Na huo ndio mtazamo wa wengi: maktaba ni mahali pa kubeba madaftari yako mwenyewe, kukaa kimya, na kuondoka nayo yaleyale. Rafu hazihusiki. Kwamba unaweza kuazima riwaya ya Kiswahili, au kumkuta mchoraji ana kwa ana ukamwuliza amefanyaje, wengi hawajaambiwa.

Jambo hili linanikera zaidi nikikumbuka majina tuliyopewa. Mnamo Novemba 2021 Nakuru iliingizwa katika Mtandao wa Miji Bunifu wa UNESCO, upande wa ufundi na sanaa za jadi. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo tukapewa hadhi ya jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sherehe ya jiji kila mtu anaikumbuka, maana barabara zilifungwa. Ile ya ubunifu, waulize wasuka vikapu na wachonga vinyago sokoni uone kama kuna anayeijua. Na kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, kwenye orodha moja na makavazi, sinema na michezo, ningetarajia kaunti ipige hesabu ya matangazo pia inapopanga bajeti. Mikutano ya kukusanya maoni ya bajeti yenyewe hutangazwa hadi kwenye spika za gari.

Wenzetu wa Garissa wana maktaba ya ngamia tangu 1996. Huduma ya maktaba za taifa iliona jamii za wafugaji haziwezi kufika mjini, ikapakia vitabu kwenye masanduku juu ya ngamia ikawafuata kwenye makazi yao, penye joto na vumbi. Sisi huku tuna lami, tuna bodaboda kila kona, na tumeshindwa kuvusha karatasi moja kutoka mlango wa maktaba hadi steji.

Hilo la lugha pia liangaliwe. Sina ugomvi na Kiingereza, nakichapa kutwa nzima. Lakini bango la krusedi huandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka ukiwa ndani ya matatu inayotembea, na uwanja hujaa. Wahubiri walishajua la kufanya. Waigeni. Bandikeni steji, bandikeni Soko la Wakulima, pelekeni kanisani na msikitini lisomwe pamoja na matangazo mengine, mwachieni chifu moja. Redio za hapa husoma salamu za wasikilizaji saa nzima. Hazitashindwa kusoma mistari mitatu ya maktaba katikati.

Niseme sasa kuhusu linalokuja, nisije nikawa nami nimeandika habari za jana. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliichagua siku hiyo kwa sababu tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU cha Mwalimu Nyerere kilikitangaza Kiswahili kuwa silaha ya kupigania uhuru, na imekuwa ikiadhimishwa tangu 2022. Mkutubi ameniambia wanafikiria kuwaita washairi vijana na kutundika michoro ya watoto ya methali. Wazo zuri sana. Ila tarehe hiyo mara nyingi huangukia siku za shule, na wao hufunga saa kumi na moja jioni. Mwalimu hataweza kuja, mwanafunzi hataweza, mama mboga wa Kaptembwo ndiyo kwanza wateja wake wanashuka kwenye matatu. Mwaka uliopita, kwa nilivyosimuliwa, shughuli ilifanyika asubuhi, na waliohudhuria walikuwa wafanyakazi wa ofisi za jirani walioagizwa na wakubwa wao. Kwa nini isisogezwe Jumamosi iliyo karibu, kuanzia saa nane mchana, watu wakiwa wametoka sokoni na mazishini? Tarehe yenyewe haitatuchukia tukiikosa kwa siku mbili tatu.

Likizo ya Agosti nayo iko njiani. Watoto wakishafunga shule, hapa kwangu hujazana kutazama wenzao wakicheza gemu kwenye kompyuta, na mimi huwafukuza kwa sababu hawalipi. Wangekuwa na pa kwenda ningewaelekeza. Yule kijana wa bati yuko tayari kuwafundisha kuchora, nimemwuliza mwenyewe. Anachotaka ni nauli na rangi. Huko maktabani bado hawajaamua siku. Waamue mapema, waiandike, waitoe nje ya kundi la WhatsApp.

Bango la Julai nitawachapia bila malipo, nakala thelathini, na gundi juu yangu. Sharti ni moja tu: waniletee maandishi kabla ya Alhamisi jioni. Ijumaa foleni ya programu za mazishi huwa ndefu na mfiwa siwezi kumwambia angoje.

Wako,
Mwenye saiba,
Nakuru