Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: rangi mpya, kutu ileile

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Manispaa,

Salaam. Nimechomelea mageti na madirisha zaidi ya miaka 30, na siku hizi kazi yangu ya jioni ni kumpeleka mjukuu kwenye kiwanja cha watoto kilicho jirani na soko. Kabla ya uzinduzi mlikipaka rangi: nyekundu, bluu, njano. Kimependeza, sikatai. Ila jicho la fundi huanzia kwenye maungio.

Wiki iliyopita nilipanda ngazi nikaangalia pale mnyororo wa bembea unaponing'inia. Pete ya juu imelika hadi imekuwa nyembamba kama msumari, na rangi imepitishwa juu yake. Siku itakapokatika mtoto atakuwa hewani, na chini kuna zege. Nadhani lilimwagwa ili pasiwe na tope. Heri tope, Mheshimiwa. Ajali nyingi za viwanja hivi ni za kuanguka, na anachoangukia mtoto ndicho kinachoamua kama atafuta machozi arudi kucheza au atapakiwa kwenye bajaji kwenda hospitali.

Mkileta mchanga, leteni wa kutosha. Mwongozo wa tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani unasema mchanga wa kina cha inchi 9 unamkinga anayeanguka kutoka futi 4 tu. Jukwaa letu la kuteleza lina futi 6. Vipande vya mbao vya kina hichohicho vinafika hadi futi 10, na matawi mnayokata kando ya barabara yangeweza kusagwa kwa kazi hiyo.

Bati la kuteleza nalo linatazama magharibi. Saa tisa mchana, weka kiganja uone.

Linaloninyima usingizi ni ukingo wa jukwaa. Nimepima kwa tepu: kati ya nondo na nondo ni inchi 5 na nusu. Mtoto mdogo hutanguliza miguu, kiwiliwili kinapita, kichwa kinagoma, anabaki ananing'inia kwa shingo. Mwongozo uleule unataka nafasi iwe chini ya inchi 3 na nusu, au izidi 9. Mwezi uliopita alikwama mtoto wa mama muuza mihogo. Mama alimkumbatia magoti akimwinua juu, mimi nikakimbilia msumeno wa chuma nyumbani. Alipona. Nondo niliyoikata imefungwa kwa waya mpaka leo, ncha zikiwa nje, usawa wa macho ya mtoto.

Tafadhali, msije mkaweka kufuli. Watoto watahamia barabarani, na kucheza ni haki yao: ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Ninachoomba ni fundi mwenye tepu na spana apite kila mwezi, aandike alichokiona kwenye daftari likae kwa mtendaji wa mtaa, mzazi yeyote aweze kulisoma.

Ukingo unahitaji nondo 14 za kuongeza katikati ya zilizopo. Nikipewa nondo na umeme, nazichomelea Jumamosi moja bila malipo. Zege ndilo siliwezi peke yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchomeleaji mstaafu, babu wa mtaani