Tuandikieni pia jinsi klabu inavyojengwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Habari zenu za klabu za Ulaya nazisoma kila wiki huku niliko, Schaffhausen, kaskazini kabisa mwa Uswisi. Karibu zote ni za soka, na karibu zote ni za bei: nani kasajiliwa, kwa shilingi ngapi, tajiri gani katoa. Hapa mtaani kwangu ipo klabu ya mpira wa mikono, Kadetten Schaffhausen, na nadhani habari zake zingewafaa vijana wetu kuliko usajili wa mtu ambaye hawatamwona maishani.

Schaffhausen ni mji mdogo ukingoni mwa mto Rhine, wakazi hawafiki 40,000. Zamani vigogo wa mchezo huu nchini walikuwa kwingine. Grasshopper ya Zürich ina mataji zaidi ya 20. St. Otmar ya St. Gallen ilicheza fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 1982. Miaka ya tisini ikawa ya Pfadi Winterthur. Kadetten walionja ubingwa mara ya kwanza mwaka 2005, na tangu hapo wamelibeba taji zaidi ya mara kumi. Mwaka 2010 walifika fainali ya Kombe la EHF, la Shirikisho la Mpira wa Mikono la Ulaya, wakafungwa na TBV Lemgo ya Ujerumani. Wacker Thun waliwapokonya ubingwa mwaka 2013 na 2018, Pfadi mwaka 2021, kisha ukarudi hapa miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024.

Fedha zipo, siwezi kuficha. Klabu imebebwa miaka mingi na Giorgio Behr, mfanyabiashara na profesa, na ukumbi wao wa BBC Arena uliofunguliwa mwaka 2011 umepewa jina la kampuni zake. Klabu kumtegemea mtu mmoja kiasi hicho mimi sipendi, na majirani zangu nimewaambia hivyo hivyo. Wageni nao wapo. Joan Cañellas, bingwa wa dunia na Hispania mwaka 2013, alikuja kucheza hapa. Winga wa kulia ni Óðinn Þór Ríkharðsson wa Iceland. Ubingwa wa 2022 ulipatikana chini ya kocha wa Iceland, na baadaye akaja Hrvoje Horvat, aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Croatia.

Ila ukiishia kwenye majina hayo hujaiona klabu. Chini ya timu kubwa ipo Kadetten Espoirs, timu ya vijana inayocheza ligi ya daraja la pili dhidi ya watu wazima. Kijana wa miaka 18 anapambana na mwanamume wa miaka 30 aliyejaa kifua, anaangushwa, anaamka. Chini ya Espoirs kuna timu za watoto kwa umri, ngazi kwa ngazi, na huko ndiko aliko mwanangu.

Akirudi mazoezini vidole vinanata. Wachezaji wa mchezo huu hujipaka utomvu mikononi ili mpira ushikike kwa mkono mmoja, na sabuni haiutoi. Namsugua kwa mafuta ya kupikia, kidole kimoja kimoja, huku ananieleza jinsi kocha alivyowafundisha kuruka kabla ya mstari wa mita sita na kuachia mpira wakiwa bado hewani. Jambo hilo hilo wanarudishiwa kila wiki, msimu mzima. Wakubwa anawaona ukumbini, na njia ya kuwafikia anaijua, kwa hiyo haoti ndoto za mbali.

Mimi mwenyewe nilikuwa kipa. Nilisimama golini kwa ajili ya mkoa wa Tanga kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, na nilikuwa kipa mzuri. Tulipomaliza shule hakuna aliyetupokea. Hapakuwa na klabu mjini kwetu, hapakuwa na ligi ya wasichana, na yule winga wetu wa kushoto, aliyekuwa na mkono mkali kuliko wengi ninaowaona hapa, hakugusa mpira tena. Lile pengo kati ya kidato cha mwisho na utu uzima linaniuma hadi leo, na hapa naona kwa macho yangu kwamba linazibika: ukumbi mmoja, makocha wachache wenye subira, na timu ya kumpokea kijana siku anapotoka shuleni.

Ombi langu ni hili. UMISSETA ijayo, tumeni mwandishi kwenye viwanja vya mpira wa mikono, akae mpaka mechi ziishe. Awaulize makipa na mawinga, wavulana kwa wasichana, mwakani watachezea timu gani. Kisha majibu yao mkayachapishe kama walivyoyasema, na swali hilo hilo mlipeleke kwa viongozi wa mchezo huu.

Mzaliwa wa Tanga,
Schaffhausen, Uswisi